Paka wa Kutoa Uchawi

Mama yangu hakuwahi kumvumilia mtu aliyemwonyesha upendo, ndiyo maana alielewana na paka. Alikuwa dume la rangi ya majivu, sikio moja limechanika. Aliingia mwenyewe kwetu Bigwa, chini ya mlima, wakati wa masika, akapita mlango wa jikoni, akala kibua nilichojiwekea cha mchana, kisha akaenda kulala kwenye kiti cha mama bila kumtazama mtu. "Huyu ana akili," mama akasema. Mimi nilikuwa nimeishi na mama maisha yangu yote na sifa hiyo haikuwahi kuja upande wangu.

Tulikuwa wawili, mama na mimi, kisha huyo paka, kisha mbwa watatu. Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko barazani, na baraza limezungushiwa nondo na lina geti dogo la kutokea uani. Nashona sare za shule na magauni ya sendoff. Sikuolewa na sikuzaa, na mama hakuwahi kukubali jambo hilo lipite kimya kimya. Alingoja mteja aje na mimba, au na mtoto mgongoni, nimzungushie futi kiunoni, ndipo aseme kutoka kwenye kiti chake: "Kiuno hicho kimefanya kazi. Cha binti yangu kimekaa tu, kama kabati la wageni." Wateja walicheka kwa adabu. Mimi niliandika vipimo.

Macho yake yalikuwa yameshaharibiwa na kisukari. Aliona mwanga na vivuli, basi. Lakini masikio na pua vilifanya kazi ya watu wanne, na mdomo ulifanya kazi ya mtaa mzima.

Mbwa tuliletewa na mjomba. Kwetu sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, kiwanja ni cha ukoo wa mama, na neno la mwisho ni la mjomba, hata kama mjomba mwenyewe ni mdogo wake mama na mama amemfuta kamasi utotoni. Mjomba wangu analima karoti na kabichi huko juu mlimani, na hushuka siku za soko. Wezi walipotubebea kuku wote, alishuka na mbwa watatu wa kwao, wale wanaofukuza nguruwe pori mashambani, wembamba, mbavu nje, macho ya njano. Akaniachia na masharti. "Chakula mara moja, jioni. Pumba na vichwa vya dagaa. Ukiwashibisha watalala, na hao wezi watakuja kubeba hata cherehani." Nilimtii. Walizunguka uani mchana na usiku na njaa yao, bila majina. Mama aliwaita wote "toka."

Paka aliwaona kuwa takataka. Alipita juu ya ukuta taratibu, mkia juu, wao wakiruka chini yake na kudondoka, na nina hakika alichelewesha makusudi. Mama aliwasikia wakidondoka na kufurahi. "Wamemkosa tena," alikuwa akisema. Ilikuwa ndiyo redio yake.

Sasa habari ya sindano. Mama alikuwa kwenye vidonge kwa miaka, halafu daktari wa hospitali akasema vidonge vimeshindwa, ahamie kwenye insulini, asubuhi na jioni, tumboni au pajani. Nilifundishwa kumchoma. Nilidhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo inaanza. Mama aliogopa sindano kuliko kifo. Bibi yangu, aliyewazaa mama na mjomba, aliteremshwa kutoka mlimani kwa machela akiwa hajitambui, akachomwa sindano kwenye zahanati, akakata roho kabla wabebaji hawajamaliza maji ya kunywa. Alikuwa mtu wa kufa tangu walipomnyanyua nyumbani, kila mwenye akili anajua. Lakini mama na mjomba walikuwa watoto, walisimama dirishani, na walichokiona ni sindano.

Basi kila asubuhi ilikuwa vita. Kuna siku alikubali, kuna siku alibana mapaja na kunitukana. "Unataka kiwanja, siyo? Nife, uuze, ukanunue mume." Nikimbembeleza ananiita mnafiki, nikimkaripia ananiita muuaji. Wiki akikubali mara nyingi, nilimshukuru Mungu. Wiki akigoma, alikunywa maji ndoo nzima, akalala mchana kutwa, na mguu mmoja ukaanza kutoa kidonda kisichotaka kufunga. Daktari aliniambia wazi kwamba mama hatafika mbali kwa sindano za kubahatisha. Nilimjibu aje yeye amshike mapaja.

Hapo ndipo paka akaugua. Alianza kukonda huku anakula. Alikunywa maji kwenye beseni la mbwa, yeye mwenye kiburi kile, na akawa anakojoa nyuma ya kiti cha mama. Nilipiga deki. Kesho yake sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka mlangoni mpaka pale kwenye kona. Nikapiga deki tena, wakarudi tena. Mama aliwasikia wakimpanda miguuni, akauliza wanakwenda wapi. Nikamwambia. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu. Yeye mwenyewe ugonjwa wake uligundulika hivyo, kwa sisimizi kule chooni.

"Amepata sukari yangu," akasema. "Huyu ndiye mtoto wangu."

Nilimtia paka kwenye kikapu chenye mfuniko, nikapanda bodaboda, nikampeleka kwa daktari wa mifugo, dada mmoja mpole mwenye mikono iliyojaa makovu ya kucha. Alimtoboa sikio, akaweka tone la damu kwenye kijiti, na kipimo kikasoma sukari ya kutisha. Akaniambia paka pia huchomwa insulini, na hiyo hiyo ya binadamu inaweza kumsaidia, kipimo kidogo sana, asubuhi na jioni. Asile ugali, asile wali, asinywe uji. Samaki na nyama tu. Na ale kwanza, ndipo achomwe. "Ukimchoma tumbo tupu, sukari itashuka, atatetemeka, atazimia, atakufa. Ukiona analewalewa, mpake asali kwenye fizi haraka." Nilimwambia, daktari, huyu ni paka tu. Nyumbani nina mgonjwa wa kweli. Akasema nikaongee na familia.

Nikaongea na familia. Nilisema mbele ya mama kwamba ni afadhali paka aachwe afe kwa amani, mimi sina mikono minne. Mama alikuwa amempakata. Nilimwona anafikiri, na mama akifikiri kuna mtu lazima aumie.

"Utamchoma kwa dawa yangu?"

"Ndiyo hiyo hiyo, mama."

"Kichupa kile kile?"

"Kile kile."

"Basi mchome yeye kwanza. Akifika mchana akiwa mzima, na mimi utanichoma."

Kwetu, mwenyeji akimletea mgeni pombe, hunywa yeye funda la kwanza, mbele ya macho ya mgeni. Huko ndiko kutoa uchawi. Mgeni akishaona mwenyeji amemeza na bado amesimama, ndipo anapokea kata. Hata mjini watu hufanya hivyo kwa utani, anafungua soda anaonja, anasema nimetoa uchawi, mnacheka, mnakunywa. Mama hakuwa anatania. Kwa akili yake, mimi ndiye mwenyeji na yeye ndiye mgeni, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na paka ndiye atakayemeza funda la kwanza.

Nilikasirika, lakini kesho yake asubuhi nilimlisha paka, nikamchoma. Kisha mchana ulipofika, paka alikuwa anajilamba kwenye kiti, na mama akafunua kanga, akanipa paja bila tusi hata moja. Nilimchoma. Nilikwenda jikoni nikalia, sijui kwa furaha au kwa hasira ya kugundua kwamba neno la paka lina uzito kuliko langu.

Tangu hapo tulikuwa na utaratibu, na utaratibu ulishika. Baada ya muda mama alipunguza kungoja. Paka anachomwa, sisi tunakunywa chai, chai ikiisha paja linafunuliwa. Lakini lazima kiganja chake kiwe juu ya shingo ya paka wakati naingiza sindano, asikie mwenyewe ngozi ikivutwa. Siku moja paka alijipinda, dawa ikamwagika kwenye manyoya, nikataka kunyamaza. "Umemwaga," mama akasema. "Nanusa." Insulini ina harufu kali ya hospitali. Nikavuta dawa nyingine.

Kidonda cha mguu kilianza kukauka. Mama alinenepa uso. Daktari wake alinipongeza, akaniuliza nimetumia mbinu gani, nikamwambia maombi.

Kazi kubwa ikawa mbwa. Maradhi yalikuwa yameshampiga paka miguu ya nyuma, akawa anatembea kwa kulaza visigino chini, kama mzee aliyevaa kandambili kubwa. Ukuta hakuuweza tena. Na mbwa walijua. Zamani walimfukuza kwa makelele. Sasa hawakubweka kabisa. Walikaa upande wa pili wa nondo, wamejipanga, wanamtazama anavyokula perege waliochemshwa na kutolewa miiba, na mate yanawatiririka mpaka chini. Simu yangu ilikuwa ikilia saa ya sindano, nao wakajifunza mlio ule, ukilia tu wanakuja. Nilimlisha juu ya meza ya cherehani, nimesimama pembeni na mti wa mopa. Sikuwahi kuacha geti wazi. Nilijua mlango ule ukiachwa wazi siku moja, paka hana maisha, na paka akifa, mama atabana mapaja, na mama akibana mapaja nitamzika. Nilikuwa na vifo viwili nyuma ya komeo moja.

Majirani walinisema. Mmoja, mtoto wa dada yake ana sukari na hupata insulini kwa shida, alisimama getini akaniambia kwamba Mungu ananiona. Kulikuwa na mengine ya kijinga zaidi, kwamba paka ni bibi amerudi, kwamba ndiyo maana sikuolewa, nimeolewa na paka. Hao niliwapa vidonge vyao na bado nawashonea. Ukweli ni kwamba sijawahi kumchukia kiumbe kama nilivyomchukia yule paka, na sijawahi kumwombea kiumbe uzima kama yeye. Niliamka nikiwa na jina lake kichwani, na jina lenyewe hakuwa nalo.

Mjomba alisikia habari hizi kwa simu, nami ndiye niliyemweleza, tena kwa kirefu, paka anachomwaje, anakula nini, kwa nini lazima ale kwanza. Aliniuliza tena hilo la kula kwanza. Kisha akasema, "Nitashuka."

Alishuka na kabichi mbili na nguo zake za kulala. Nilimwamkia, shikamoo mjomba, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikaa barazani kwenye kiti cha wateja. Ilikuwa asubuhi, simu ilikuwa imeshalia, mbwa wameshajipanga, na paka alikuwa juu ya meza na sahani yake, ndiyo kwanza anaanza kunusa. Nilimwomba mjomba amwangalie kidogo, nikaingia ndani kuchukua dawa. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, friji imezima, kwa hiyo kichupa kilikuwa kwenye ubaridi wa mtungi wa maji, kwenye mfuko wa nailoni niliouning'iniza. Nilikikausha, nikamsaidia mama kunyanyuka, nikamwongoza mpaka barazani. Sahani ilikuwa nyeupe, tupu. Paka alikuwa anajilamba mguu, na mbwa nao walikuwa wanalamba midomo, lakini wao hulamba midomo kila siku.

Mama akaweka kiganja. Nikamchoma paka. Nikaenda kuleta chai.

Chai ilipoisha nikachukua sindano ya mama. Mjomba akanyanyua mkono. "Ngoja kwanza, mpwa. Kama ni kutoa uchawi, watu hungoja. Si mlisema mwanzoni ni mpaka mchana? Leo tungoje mpaka mchana." Nikasema mama ameshakunywa chai, sukari itapanda. Mama akasema, "Ndugu yangu amesema." Na aliposema hivyo nilijua sina la kufanya, kwa hiyo nikakaa kwenye cherehani nikaendelea na pindo la sketi. Mjomba akaenda chooni uani, akarudi, akakaa.

Jua lilikuwa limepanda wakati mama aliposema, "Mbona huyu anatetemeka?"

Paka alikuwa mapajani mwake, kichwa kinaning'inia, mate yanamtoka. Miguu ya mbele ilikuwa inapiga piga kama anayeogelea. Niliruka nikakimbilia jikoni kutafuta asali. Ipo pale pale kila siku, karibu na chumvi, na niliishika mara ya kwanza tu nilipopeleka mkono. Nikasikia mama anapiga kelele, "Mtoe! Mtoe kwangu!" Kisha nikasikia kitu kikianguka sakafuni.

Alikuwa amemsukuma. Kiumbe pekee alichowahi kukipakata kwa hiari yake, alikisukuma kwa mikono miwili, kama vile kutetemeka kule kungemwambukiza kupitia kanga. Paka, macho yameshaingia giza, aliburuta tumbo lake, akatafuta hewa, akafuata mwanga wa uani. Geti lilikuwa wazi. Mjomba alilirudishia tu bila komeo alipotoka chooni.

Sina haja ya kueleza yote. Hawakubweka hata hapo. Niliwapiga kwa kigoda mpaka mguu wa kigoda ukavunjika, mmoja nilimvunja jino. Walipomwachia alikuwa hana kitu cha kupakwa asali. Na hawakumla. Walitoka wakaenda kulala kivulini chini ya michongoma, wote watatu, kama watu waliomaliza kibarua.

Nilirudi barazani, mikono imejaa damu na asali. Chini ya nondo, upande wa mbwa, niliona pezi la perege. Nikalitazama, nikamtazama mjomba.

"Nani alikula samaki?"

"Niliwapa mbwa," mjomba akasema. Hakuficha hata kidogo.

"Ulijua lazima ale kwanza."

"Si ulinieleza kwenye simu."

"Na ukaniangalia nikimchoma."

"Nilitaka dada aone." Akageuka kuzungumza naye, sauti ikawa ya upole, na upole ule ndio ulionitia wazimu. "Dada, mimi na wewe tulisimama kwenye dirisha lile. Dawa gani hii, ambayo lazima mtu ashibe kwanza ndiyo isimuue? Hiyo ni sumu imefungwa kamba. Twende nyumbani. Kuna mizizi, kuna watu, kuna hewa."

Nilimwambia mjomba wangu maneno ambayo mpwa hamwambii mjomba. Sitayaandika. Mama ndiye aliyenikatiza, uso umegeukia ukutani. "Usimtukane ndugu yangu mbele ya maiti," akasema. Nikamzika paka nyuma ya choo, peke yangu, na hakuna aliyeniuliza wapi.

Siku hiyo mama hakuchomwa. Jioni hakuchomwa. Kesho yake alikunywa maji bila kukoma na kulowesha godoro, na sisimizi wakaja mpaka kitandani. Mjomba akawa anampigia simu mtu mwenye gari, maana mama hawezi kukaa kwenye pikipiki. Nilimpigia daktari wa hospitali, akasema mlete sasa hivi. Nilimwambia mama, akang'ang'ania chaga za kitanda kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Keshokutwa yake alianza kutapika. Pumzi yake ilinuka maembe yaliyooza. Aliongea kwa kukata kata, alilala katikati ya maneno. Mjomba alipiga magoti pembeni akamfunga kanga nzuri ya safari, na gari lilikuwa njiani, na ile barabara ya mlimani ni ya mawe mpaka juu. Nilihesabu kwamba hatafika.

Niliingia na kichupa na mabomba ya sindano, nikaketi kitandani.

"Mama, nikuchome."

"Paka hayupo," akasema.

"Hayupo."

"Nani atatoa uchawi?"

Niligeuka. "Mjomba, wewe ndiye mkubwa wa ukoo. Neno lako ndilo la mwisho. Onja wewe."

Nilikuwa nimeshavuta tone dogo kabisa, la kumchoma mtoto wa paka. Nikamnyooshea. Mjomba aliitazama ncha ya sindano. Alikuwa ameshakunywa chai na mihogo, hakuna ambalo lingempata, nikamwambia hivyo. Aliteremsha mkono wa shati mpaka kwenye vidole.

"Mimi siumwi sukari," akasema.

"Ameshakubali?" mama akauliza, maana haoni.

"Bado, mama."

"Dada," mjomba akasema, na sauti yake ilikuwa imekauka, "mimi nina watoto."

Mama alicheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kifupi, kikamalizikia kwenye kutapika, nikamshikia beseni. Alipopumua akasema, "Nilikubeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda. Kumbe nilibeba mzigo wa kuni." Mjomba akanyanyuka akasimama mlangoni. Nilidhani mama ameshindwa, amelala. Macho alikuwa amefumba. Kisha akaninyooshea kidole, sawasawa pale nilipokuwa nimekaa.

"Basi wewe," akasema. "Wewe huna mtoto wa kukulilia."

Miaka yote amenirushia jambo hilo mbele za watu, nikaandika vipimo. Siku hiyo liliniingia mpaka kwenye mfupa, kwa sababu hakulisema kwa kunikomoa. Alikuwa amepiga hesabu, kama mtu anayechagua kuku wa kuchinja, akaona mimi ndiye nisiyetaga.

Nilikwenda jikoni. Ugali wa jana ulikuwepo, nikaula mkavu na ndizi mbili, nimesimama, na mama akaita kutoka chumbani, "Tafuna nisikie." Nikarudi nikatafuna karibu na sikio lake. Nilinywa chai yenye sukari mpaka chini ya kikombe, nikaweka asali juu ya kitanda. Nikafunua blauzi. Mama akaweka kiganja chake tumboni mwangu, mahali ambapo hakuwahi kunigusa tangu nilipokuwa mtoto, na kilikuwa cha moto na kikavu. Nikavuta ngozi, nikajichoma chini ya vidole vyake. Akanusa. Dawa haikumwagika.

Tukangoja. Gari lilipiga honi nje, mjomba akatoka kwenda kumwambia dereva asubiri. Mbwa walikuwa kimya. Nilitazama uso wa mama, na kwa mara ya kwanza niliruhusu nafsi yangu ikiri kwamba ninamwogopa, kwamba nimemwogopa siku zote, na kwamba kama angekubali kufa kwa amani ningelala usingizi mzito. Jasho lilianza kunitoka shingoni. Sijui ilikuwa dawa au hofu, dawa yenyewe ilikuwa tone. Lakini mikono ilianza, na magoti, nikashindwa kuizuia, na kiganja chake kilikuwa bado pale pale juu ya tumbo langu.

"Unatetemeka," akasema.

"Natetemeka, mama."

Nilisubiri anisukume. Kiganja kilinyanyuka. Kilipapasa godoro, kikapita juu ya chupa ya asali bila kuishika, kikafika kwenye kanga ya safari, na akaifunua mwenyewe mpaka juu ya paja.

"Nichome upesi," mama akasema, "kabla hujafa."

Nikamchoma.